F ya Mzee Kreni

Benchi la kijani lililo mbele ya saluni ya kunyoa ya Odell Pruitt, pale Mtaa wa Nne unapokatana na Mtaa wa Stesheni katika mji wa Tolliver, Ohio, lina nafasi ya watu watatu na hukaliwa na wanne. Jumamosi hiyo ya mwisho wa Machi theluji ilibaki kwenye mifereji tu, nyeusi kama masizi, na birika kubwa la umeme lilikuwa limetolewa nje kwa waya mrefu, likakaa juu ya meza ya kukunja pamoja na boksi la donati. Ilikuwa siku ya gredi. Ligi yao ni ya besiboli, lakini huchezwa ndani ya kompyuta: timu kumi, na wachezaji ambao hawajapata kuzaliwa. Kila mwaka programu huwatunga vijana wapya, ikawapa majina, umri, mji wa kuzaliwa na namba za uwezo, na wenye timu huwachagua kwa zamu. Wiki moja baadaye mtoa gredi, ambaye haruhusiwi kuwa na timu, hukaa kwenye benchi hili na kusoma kwa sauti alama aliyompa kila mtu kwa chaguo lake la raundi ya kwanza, kuanzia A mpaka F. Saa sita mchana gredi huwekwa kwenye ukurasa wa ligi, ambako wenye timu saba wa miji mingine huzisoma, na zikishawekwa hazibadilishwi. Kwa misimu ishirini na moja kazi hiyo aliifanya mwalimu mmoja wa hesabu, ambaye sasa amehamia Arizona kwa binti yake. Mwaka huu ilimwangukia Ione Varga.

Ione alikuwa na miaka ishirini na sita na alifanya kazi ofisi ya maji ya kaunti, kupima sampuli. Benchi lilimwita Rula, tangu siku aliposikia wakibishana upana wa mtaa akaenda kuupima. Alikuwa amechapa nakala tatu za gredi zake, ili moja ikipeperuka na nyingine ikimwagikiwa kahawa, ibaki ya tatu. Gredi tatu za kwanza zilipita bila tabu, zilikuwa za watu wa mbali. Ya nne alikuwa ameiogopa tangu Jumatano.

— Chaguo la nne, — alisoma. — Timu ya Tanuru. Mwenye timu, Wendell Hruska. Amemchagua Lyle Dombeck, miaka kumi na minane, mrushaji wa mkono wa kushoto. Gredi, F.

Wendell Hruska alikuwa pale pale, mwisho wa benchi, kikombe cha karatasi mkononi. Alikuwa na miaka sabini na minane. Thelathini na minne kati ya hiyo aliendesha kreni kwenye kiwanda cha chuma mpaka kilipofungwa, na jina la Kreni likabaki kwake. Ndiye aliyeianzisha ligi. Aliendelea kutazama barabara, kana kwamba kuna lori analingoja.

Aliyejibu ni Odell, mwenye saluni na mwenyekiti wa ligi, ambaye wote humwita Wembe.

— Rudia hapo.

— F.

— Mdogo wangu, labda wino umekwisha. Hiyo si B iliyofutika chini?

— Nimeiandika mwenyewe, Wembe. Ni F.

Bernadine Kosko, yaani Posta, aliweka donati yake juu ya goti. Alisambaza barua mji mzima kwa miaka thelathini na moja, na hata sasa alitembea kama aliyebeba mkoba begani.

— Unampa Kreni F. Kreni huyu huyu.

— Sijampa Kreni, Bi Posta. F ni ya chaguo lake.

— Hiyo ni lugha ya kaunta. “Hatujapoteza barua yako mama, barua imechelewa.” Nimeisema mwenyewe miaka yote, naijua harufu yake.

— Na mwaka jana mwalimu alimpa F, — alisema Wembe, akaanza kuhesabu kwa vidole ingawa vidole viwili vilitosha. — Ya mwaka jana moja. Ya leo mbili. Rula, unajua F mbili mfululizo ni nini kwenye ligi hii?

Ione alijua. Alikuwa ameisoma kanuni ya kumi na moja mara nyingi kiasi kwamba angeweza kuichora. Mwenye timu akipata F miaka miwili mfululizo, mwaka unaofuata hachagui kabisa raundi ya kwanza. Anakaa pembeni na kuangalia wenzake wakigawana vijana walio bora.

— Najua, — alisema.

— Anajua, — Wembe alimwambia Posta.

— Nimesikia anajua. Nauliza kama anaona.

— Bi Posta, gredi haiangalii mwaka jana. Ikiangalia mwaka jana si gredi tena.

— Ni nini?

— Ni zawadi.

Posta aliichukua donati yake na kuing'ata, akatafuna polepole, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

Kilichowatia wazimu wote si namba za kijana yule. Ni mji wake. Programu huwatawanya vijana wake duniani kote, leo Havana, kesho Osaka, na kwa misimu ishirini na moja haikuwahi kumzaa mtu hata mmoja Tolliver. Mwaka huu, mstari wa mia moja na tisa kwenye orodha, ikaandika: Dombeck, Lyle, Tolliver, Ohio. Watu walipigiana simu. Wembe alimwacha mteja nusu kichwa. Na zamu ya Kreni ilipofika, chaguo la nne, huku wachezaji wazuri bado wamejaa mezani, akamtaja Lyle, akazima kompyuta, akaenda kulala.

— Haya, tusomee makosa yake, — alisema Wembe. — Taratibu. Moja moja.

Ione alishukuru kwa hilo. Kwenye namba miguu yake ilikanyaga chini.

— Kasi ya mpira wake ni maili themanini na sita kwa saa. Wastani wa ligi ni tisini na mbili.

— Ndo kwanza ana miaka kumi na minane. Hajala.

— Udhibiti ni thelathini, kwenye kipimo cha ishirini mpaka themanini. Maana yake mpira ukimtoka mkononi, hajui vizuri unaenda wapi.

— Na mpigaji anajua?

— Hapana, lakini…

— Basi wako sawa. Mwenye rungu hajui, mwenye mpira hajui, na mwenye mpira ndiye asiyeogopa. Hapo mpigaji anahama kiwanja. Endelea.

— Ana mirusho ya aina mbili tu. Anahitaji mitatu ili aaminiwe kuanzisha mchezo.

— Mimi nina mkasi na mashine. Umewahi kusikia mtu analalamika?

— Mimi nimelalamika, — alisema Posta. — Pasaka ya mwaka juzi.

— Wewe ulitikisa kichwa, dada. Endelea, Rula.

— Kiwiko chake kimewekewa alama. Huumia kwa urahisi. Na programu inakadiria atakuwa tayari kwa timu kubwa msimu wa ishirini na tisa. Huu ni wa ishirini na mbili. Miaka saba, mrushaji wa mirusho miwili, kiwiko kibovu, chaguo la nne. Angeweza kumpata raundi ya saba. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa anamtaka.

— Hapo umekosea, — alisema Posta. — Mimi nilikuwa namtaka raundi ya pili.

— Kwa nini?

— Kwa sababu namjua.

Upepo mfupi ulipita na Ione akakandamiza karatasi kwa kiganja. Mlango wa pili, wa nyumba ya mashine za kufulia, ulifunguka akatoka mwanamke mmoja aliyevaa nguo za bluu za hospitali na kapu tupu kiunoni. Aliangalia birika, akaangalia watu.

— Chukua, dada, — alisema Wembe. — Ya wote hiyo. Mashine za kukaushia humo ndani zinachukua saa nzima, usijidanganye na dakika walizoandika.

Mwanamke alishukuru, akasema anaitwa Nayeli, amehamia mjini Januari. Akajimiminia kahawa, akageuza kapu na kulikalia.

— Bi Posta, — alisema Ione, — huwezi kumjua Lyle. Kompyuta imemtunga.

— Mtaa wa Saba, nyumba namba mia nne kumi na nane. Sanduku la bati, mlango umelegea, unafunga kwa mpira wa kubania. Akina Dombeck. Kila mwezi wanaletewa jarida la besiboli.

— Kulikuwa na Dombeck. Wamehama kabla sijazaliwa.

— Kwa hiyo unakubali walikuwepo. Sasa niambie, kompyuta imelitoa wapi jina? Imeliokota hewani? Kuna mtu kaipa anwani.

— Ina orodha ya majina. Inachagua kwa bahati nasibu.

— Kila kitu mkishindwa kukieleza mnasema bahati nasibu. Barua ikifika nyumba isiyo yake nami niseme bahati nasibu?

— Kwa hiyo kompyuta inasoma barua za watu?

— Sijasema inasoma. Nasema inapokea.

Wembe alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali tangu neno la anwani.

— Mimi nimemnyoa babu yao, — alisema. — Masikio hivi. — Akaonyesha kwa viganja viwili, kila kimoja kama sahani. — Mtu wa masikio yale haanguki. Ndo usukani wake. Mrushaji hatumii mkono, watu wanadanganyana, mkono unafuata tu. Kichwa kikitulia mpira unakwenda. Sasa hiyo programu yako ina namba ya masikio?

— Haina.

— Nilijua. Wamepima kila kitu wakaacha masikio.

— Kwa sababu Lyle hana masikio, Wembe. Hana kichwa. Ni mstari kwenye jedwali.

— Usimseme vibaya mtoto wa watu.

Nayeli alicheka ndani ya kikombe. Hilo lilimpa Wembe nguvu. Akasimama, kama anavyosimama nyuma ya kiti chake cha kunyolea akiwa na jambo.

— Sikilizeni niwaambie kinachotokea hapa. Tangu kiwanda kifungwe, kila anayetuhesabu anatukosea. Sensa ilitukosea watu mia nne. Ramani ya barabara imeandika daraja letu limebomolewa, na nimelivuka asubuhi hii. Sasa hao hao waliotuhesabu ndio walioifundisha kompyuta. Ikaona Tolliver, ikasema, hapo hakuna kitu, mpe thelathini. Mpe kiwiko kibovu. Huyu kijana angezaliwa California angekuwa sabini na tano, na Rula angeandika A kwa wino wa dhahabu.

— Programu haijui Tolliver ni nini, — alisema Ione. — Haipunguzi namba kwa sababu ya mji. Niliangalia. Niliwaangalia vijana wote wa Ohio wa misimu sita.

— Uliangalia?

— Jumatano usiku.

— Na Alhamisi?

— Na Alhamisi.

— Inaficha vizuri basi.

— Maji, — alisema Posta ghafla.

— Maji gani?

— Wewe si wa ofisi ya maji? Maji yetu yana ile nini, ile inayotia rangi ya kahawia kwenye masinki.

— Manganizi.

— Kiasi gani?

— Haihusiani kabisa.

— Nimeuliza kiasi, binti. Wewe si mtu wa vipimo?

Ione alivuta pumzi. — Sifuri nukta sifuri nne. Miligramu kwa lita.

— Wembe, manganizi wanaitia kwenye nini pale kiwandani?

— Kwenye chuma, — alisema Wembe kwa sauti ya chini, kama aliyeonyeshwa jambo. — Ili kisivunjike.

— Miaka kumi na minane mtoto anakunywa hayo maji. Halafu mnaniambia kiwiko chake kinaumia kwa urahisi.

Ione aliona kwamba alikuwa amewapa namba ile mwenyewe. Akamtazama Kreni, ambaye bado alitazama barabara. Ione alikuwa na miaka tisa mzee huyu alipomwita kwenye uwanja wa shule, yeye aliyekuwa akitapika kwa hofu kila zamu yake ya kupiga ilipokaribia, akampa penseli na daftari la miraba akamfundisha kuandika mchezo: nani kapiga, mpira umeenda wapi, nani kaukamata. Mwaka ule wote hakuombwa tena kushika rungu. Chuo kikuu alisoma takwimu, na alipoulizwa sababu hakuitaja, lakini aliijua.

— Nitawaeleza kitu kimoja, — alisema, — halafu naendelea na chaguo la tano. Sitoi gredi kwa mchezaji peke yake. Naangalia na aliyeachwa. Kreni alipomtaja Lyle, mezani alikuwepo Renaldo Quist. Mdakaji, miaka ishirini na moja, tayari kucheza mwakani. Alistahili kuchaguliwa wa pili, akateleza. Kreni akamwacha. Chaguo la tano nani?

Wembe alimtazama Posta pembeni.

— Mimi, — alisema Posta.

— Ulimchukua nani?

— Si unajua.

— Quist. Nimekupa A, Bi Posta. A ya kwanza ya timu yako tangu msimu wa kumi na nne, nimeangalia. Umeipata kwa sababu Kreni alikosea. Kama Kreni hakukosea, basi Quist hakuwa wa thamani hiyo, na wewe hukuokota kitu. Nikimpandisha yeye mpaka D, wewe unashuka mpaka B.

Posta alikunja uso, akaifikiria donati iliyobaki kwenye boksi, kisha barabara, kisha viatu vyake.

— B kamili au B ya chini?

— Posta, — alisema Wembe.

— Nauliza tu. Mtu si anauliza?

— Siku Lyle alipotokea kwenye orodha ulilia kwenye simu.

— Nilikuwa na mafua. Na sijasema nimebadilika. Nasema tu manganizi pengine si nyingi kihivyo.

Wembe aliliacha benchi, akaja kusimama mbele ya Ione. Hakuwa anatania tena, na sauti yake ilishuka badala ya kupanda, jambo lililomtisha zaidi.

— Rula, mimi nakuheshimu. Umesoma, sisi hatujasoma. Lakini kuna kitu shule yako haikukwambia. Yule mzee anakuja hapa kila siku ya Mungu. Mke hayupo, kiwanda hakipo. Ana ligi hii na ana siku moja kwa mwaka ya kutaja jina la mtu kabla ya wenzake. Unamnyang'anya hiyo siku. Mwalimu wa zamani angeandika D, tungecheka, tungekunywa kahawa. Mtoa gredi tumemweka sisi, na tuna kura za kumtoa. Sikutishi. Nakueleza njia zilivyo.

— Unanitisha.

— Kidogo.

Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na tano. Ione alikuwa tena yule mtoto wa uwanja wa shule, zamu yake ikikaribia. Akafikiri kwamba herufi moja haimuui mtu. Akafikiri kwamba hakuna atakayeangalia. Akachukua penseli sikioni, akaikata F mstari mmoja mwembamba, na pembeni yake akaandika D.

Kreni aligeuza kichwa. Hakuwa anatazama barabara, kumbe. Alikuwa akitazama kioo cha gari lililoegeshwa mbele ya benchi, na ndani ya kioo aliiona karatasi.

— Umeandika nini hapo?

— D, mzee.

— Nani kakwambia?

— Hakuna. Nimeona labda nilikuwa mkali.

— Zile namba zimebadilika?

— Hapana.

— Kiwiko kimepona tangu tuanze kunywa kahawa?

— Hapana, mzee.

— Futa.

Wembe aliingilia. — Kreni, tulia, tunakupigania hapa.

— Nimeona mnavyonipigania. Mmefika mpaka kwenye maji ya bomba. — Aliweka kikombe chini, kati ya viatu vyake. — Odell, kanuni ya kumi na moja nani aliiandika?

— Wewe.

— Niliiandika kwa ajili ya nani?

Wembe alikohoa. — Kwa ajili yangu.

— Kwa nini?

— Nilimchagua mtu kwa sababu ana jina zuri.

— Miaka miwili mfululizo. Ukakaa nje raundi ya kwanza msimu wa nne. Ulikuja kuniomba?

— Nilikuja.

— Nikakwambia nini?

— Ulinifungia mlango.

— Basi. — Akamgeukia Ione. — Binti, wewe unadhani mimi sikumwona Quist? Nina macho. Nilimwona Quist, nikaona kasi, nikaona thelathini, nikaona hiyo miaka saba, nikaijumlisha na yangu. Misimu ishirini na moja nimechagua kwa namba kama mnavyotaka, na nimeshika mkia mara saba. Safari hii nikasema sitaki. D ni ya mtu aliyekosea, ameteleza, maskini, tumwonee huruma. Mimi sijateleza. Nilisimama mbele ya Quist nikakataa. Hiyo ni F, na nimeifanyia kazi. Usinipunguzie.

— Mwakani hutachagua, — alisema Ione. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

— Nitakaa hapa niwazomee wanaochagua.

— Mzee, mimi sitaki…

— Hujaulizwa unataka nini. Umeulizwa gredi.

Ione alitazama karatasi. Alitaka kulia na alitaka kucheka, akafanya lile aliloweza, akachukua nakala ya pili, safi, isiyokatwa. Pale kwenye mstari wa nne F ilikuwa imekaa wima. Posta alianza kupangusa sukari kwenye koti, kwa haraka, kama mtu aliyeokoka.

Hapo ndipo yule mwanamke wa kapu, Nayeli, alipoinua mkono kidogo, kama aliye darasani.

— Samahani. Mimi sijui huu mchezo. Nilikuwa nataka kuuliza kitu tu.

— Uliza, dada, — alisema Wembe. — Hapa kila mtu anasema asichokijua.

— Hizo gredi za miaka ya nyuma. Zilikuja kuwa kweli?

— Kweli vipi?

— Yaani wale wa A walikuja kuwa wazuri? Na wa F wakawa wabaya?

Wembe alimtazama Posta. Posta akamtazama Kreni, naye Kreni, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, akaonekana mtu anayetafuta kitu akilini asikione.

— Kulikuwa na yule, — alisema Wembe. — Yule wa A, wa msimu wa tisa. Mrefu.

— Huyo alikuwa C, — alisema Posta. — Au alikuwa wa raundi ya pili.

— Karatasi zipo, — alisema Wembe. — Ziko kwenye droo ya saluni, chini ya mataulo. Zote. Mwalimu alikuwa analeta, naweka.

— Na mnaziangalia lini? — aliuliza Nayeli.

Gari lilipita. Birika lilitoa ule mlio wa kufyonza wa kahawa inayokaribia kuisha.

Wote wakageuka kwa Ione, kwa sababu yeye ndiye aliyesoma. Ione, ambaye kila sampuli ya maji huipima mara mbili na ya tatu akiwa na wasiwasi, aliyekesha kuwapekua vijana wote wa Ohio, aliona uso ukimwaka moto. Kwa wiki nzima aliogopa kwamba gredi yake ingeumiza. Kwamba ingeweza kuwa ya uongo, na ya mwalimu vilevile, na misimu ishirini na moja ya herufi kulala chini ya mataulo bila mtu kuinua hata moja kuitazama, hilo halikuwahi kumpita kichwani.

— Sijui, — alisema.

Wembe aliona upenyo. — Haya, umesema mwenyewe. Hujui. Hakuna anayejua. Andika C twende nyumbani.

Dakika kumi na mbili zilibaki. Ione alikuwa na simu mkononi, ukurasa wa ligi umefunguka, gredi kumi zimeshaandikwa zikingoja kubonyezwa. Akaandika kwenye mstari wa nne, akisema kila neno kwa sauti kadiri alivyoliandika, ili mtu asije kudai baadaye kwamba hakusikia.

— Dombeck, Lyle. F. Gredi hii itakaguliwa mwisho wa msimu wa ishirini na tisa, hapa kwenye benchi, na aliyeitoa. Ikionekana alikosea, atasimama aseme. Jina lake ni Ione Varga.

— Mwalimu hakuwa anaweka jina, — alisema Posta.

— Mimi naweka.

— Na wengine je? Na mimi? Quist naye atakaguliwa?

— Wote kumi, Bi Posta. Na wale wa kwenye droo. Wembe, nitakuja kuzichukua jioni.

— Zina nywele, — alisema Wembe kinyonge.

— Nitazipangusa.

Akabonyeza. Simu yake ikalia mara moja, kisha mfululizo, watu wa miji mingine wakianza kugombana naye mmoja mmoja, akaigeuza kifudifudi juu ya paja. Nayeli alitazama kutoka uso hadi uso, asijue kama amevunja kitu.

Kreni aliinuka. Ilimchukua muda, goti moja kwanza, kisha la pili. Aliinamisha birika kwa mikono miwili, akatoa nusu kikombe cha mwisho, chenye machicha, akamletea Ione.

— Saba jumlisha sabini na nane ni ngapi?

— Themanini na tano, mzee.

— Njoo na namba zako, — alisema Kreni. — Mimi nitakuja na Lyle.